Mabaka meusi kwenye dari na kona za picha za ndani: nianzie wapi kuyatafuta?

MchoraSebule aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandaa picha za sebule na jiko la nyumba ya mteja mmoja wa Dodoma. Modeli nimeichora kwa SketchUp na ninairenda, yaani kuigeuza kuwa picha, kwa programu ya V-Ray. Ni mandhari ya asubuhi, jua linaingia kwa dirisha moja kubwa la upande wa mashariki, na ndani sijaweka taa yoyote kwa sababu mteja anataka kuona nyumba itakavyokuwa bila umeme kuwashwa.

Tatizo langu ni mabaka. Dari ya jipsamu, ambayo nimeipa rangi nyeupe tupu isiyo na teksicha, inatoka na madoa ya kijivu kilichokolea, makubwa kama sahani, mengine yameungana, na kingo zake hazina mstari bali zinafifia taratibu. Mteja alipoiona picha ya kwanza aliniuliza kama dari hiyo inavuja. Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki, maana ndivyo hasa inavyoonekana dari iliyolowa na kukauka mara nyingi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sijui kama ni ugonjwa huohuo. Juu ya kaunta ya graniti jikoni kuna vipande vyeusi tititi vya pembetatu, vyenye ncha kali kama vigae vilivyovunjika. Halafu pale dari inapokutana na ukuta wa nyuma ya kabati la runinga kuna utepe wa giza wenye upana usio sawa, unaoanza kona moja na kuishia katikati ya ukuta.

Nimejaribu haya: niliongeza taa mbili za siri nyuma ya kamera, picha ikawa nyeupe zaidi lakini mabaka yakabaki palepale. Nikaongeza mwanga wa kamera, mabaka yakapauka bila kutoweka. Mwisho nikapandisha ubora wa picha hadi karibu na kikomo, na muda wa kurenda ukaruka kutoka dakika 40 hadi saa 3 na ushei, mabaka yakiwa vilevile, ila sasa kingo za samani zimekuwa safi ajabu. Mara mbili umeme ulikatika kazi ikiwa katikati.

Mipangilio yangu ni hii: picha ina pikseli 1920 kwa 1080, injini ya msingi, inayohesabu mdundo wa kwanza wa mwanga, ni ramani ya mwangaza (irradiance map), kiwango cha chini -4 na cha juu -3, migawanyo 20, injini ya pili, ya midundo inayofuata, ni akiba ya mwanga (light cache) yenye migawanyo 200. Naomba kujua nibadili kipi kwanza, kwa sababu kubadili vyote kwa pamoja kwa kompyuta yangu ni sawa na kulala ofisini.

PakaRangi aliandika:

Mkuu, mimi mabaka ya dari huyafuta kwa Photoshop. Unachagua dari, unailainisha, unarudishia kivuli kidogo kwenye kona kwa brashi laini. Dakika 10 umemaliza na mteja amelipa.

FundiMwanga aliandika:

Ndugu MchoraSebule, nashukuru kwa kuandika mipangilio yako yote, kwa sababu wengi huleta picha peke yake na kutuachia kazi ya kupiga ramli. Alichosema ndugu PakaRangi sikipingi pale unapodaiwa picha moja kesho asubuhi. Lakini ukiwa na kamera nne za chumba kilekile utaipaka dari hiyo mara nne, na kila mara itatoka na sura tofauti, na mteja mwenye macho atauliza tena.

Unachokiita ugonjwa mmoja ni magonjwa matatu. Nitaanza na la dari, ambalo ndilo kubwa.

Ramani ya mwangaza haihesabu mwanga kwa kila pikseli. Inachagua nukta chache kwenye nyuso za chumba, inahesabu kwa kila nukta mwanga uliodunda kutoka pande zote, kisha sehemu iliyobaki kati ya nukta na nukta inaijaza kwa kukadiria. Wazo hili lina umri: Greg Ward na wenzake waliliwasilisha mwaka 1988, nalo likatumika katika programu ya Radiance, kwa hoja kwamba mwanga uliodunda hubadilika polepole juu ya ukuta, kwa hiyo hakuna haja ya kuuhesabu kila mahali. Hoja hiyo ni sahihi. Hata hivyo, ina sharti moja: hizo nukta chache zenyewe ziwe zimehesabiwa vizuri.

Sasa tazama namba zako. Kiwango cha 0 maana yake ni ramani yenye wingi wa nukta sawa na pikseli za picha. -1 ni nusu kwa kila upande, -2 ni robo, -3 ni sehemu 1 ya 8. Wewe umeishia -3. Picha yako ina pikseli 2,073,600, lakini ramani, hata pale inapofika kiwango chake cha juu, ina gridi ya 240 kwa 135, yaani nukta 32,400. Kila nukta inabeba dhamana ya pikseli 64.

Hilo lingevumilika kama kila nukta ingekuwa inasema kweli. Migawanyo 20 maana yake ni miale 20 mara 20, yaani 400 hivi, inayotumwa kutoka kila nukta kwenda kutafuta mwanga. Jiulize dari yako inapata mwanga kutoka wapi. Hailioni jua, na mbingu inaiona kwa upembe tu. Mwanga wake mwingi unatoka kwenye lile doa la jua lililoanguka sakafuni karibu na dirisha. Tuseme doa hilo, kwa jinsi linavyoonekana kutoka darini, linachukua sehemu 1 tu kati ya 100 ya uwanja ambao miale inatawanyika. Basi katika miale 400, ni 4 hivi itakayoligonga. Lakini hiyo 4 ni wastani, na bahati haigawi sawa: nukta moja itapata 2, jirani yake 6. Ya pili itaamini kwamba inapokea mwanga wa jua mara tatu ya ile ya kwanza, ilhali zote mbili ziko kwenye jipsamu ileile, umbali wa kiganja. Kisha programu, kwa uaminifu kabisa, inatandaza uongo wa nukta ile ya kwanza juu ya jirani zake wote, na unapata baka lenye ukubwa wa sahani na kingo zinazofifia.

Ndiyo maana kuongeza ubora wa picha hakukusaidia chochote. Ubora ule unahusu kingo na vivuli vya mwisho, nao hufanya kazi baada ya ramani kukamilika. Umekuwa ukisafisha kioo cha saa ambayo mishale yake inasema uongo. Na taa za siri nyuma ya kamera zimeongeza mwanga juu ya mabaka, hazikuyagusa. Tena zimeharibu uhalisia wa asubuhi ambao mteja aliuomba, kwa hiyo ziondoe.

Kabla hujabadili namba yoyote, fanya jaribio hili. Chagua kipande kidogo cha picha, dari peke yake, pikseli 300 kwa 200 zinatosha. Badili injini ya msingi kutoka ramani ya mwangaza kwenda kwenye hesabu kamili ya kila pikseli (brute force), kisha urende kipande hicho tu. Kama mabaka yatavunjika na kuwa chenga ndogondogo, mithili ya runinga iliyokosa antena, ujue kosa lilikuwa la hesabu, na namba zitaliponya. Kama baka litabaki mahali pake, kwa umbo lilelile, kosa limo kwenye modeli, na hakuna namba itakayolitoa hata ukirenda wiki nzima. Lijaribu na kwenye kaunta na kwenye ule utepe. Utuletee majibu.

BintiVipimo aliandika:

Shikamoo FundiMwanga, na salamu kwako kaka MchoraSebule.

Bila hata kuliona jaribio, ninaweza kuisemea kaunta, kwa sababu vipande vyeusi vya pembetatu vyenye ncha kali vimenitesa mwaka mzima nilipokuwa ninajifunza. Hizo ni nyuso mbili zilizolaliana mahali pamoja. Labda ulinakili graniti ukaibandika juu ya nyingine, au ulichora kabati la chini lenye uso wake wa juu, kisha ukaleta graniti ambayo uso wake wa chini uko kwenye kimo kilekile, na hiyo graniti haina unene. Mwale ukigonga hapo, programu haijui uso upi uko mbele. Katika pikseli moja unashinda huu, katika nyingine unashinda ule; na mwale unaotoka kwenye uso ulioshinda kwenda kutafuta mwanga unakutana papo hapo na uso wa pili, unadhani umefunikwa, unarudi na giza. Pembetatu unaziona kwa sababu kila uso umekatwa katika pembetatu kabla ya kurendwa.

Ficha graniti ya juu. Kama chini yake kuna graniti nyingine, umempata mwizi. Futa mmoja, au utenganishe kwa milimita 1 au 2. Jicho halitaona pengo hilo.

Jambo la pili ambalo ningependa ulikague: modeli yako iko wapi? Siulizi mkoa, ninauliza umbali wake kutoka kwenye kitovu cha mihimili mitatu ya SketchUp. Wengi wetu tunaletewa ramani ya mpima ardhi yenye viwianishi vya UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita, na tunachora juu yake palepale ilipoangukia. Dodoma iko kusini mwa ikweta, na katika mfumo huo kipimo chake cha kaskazini ni mita milioni 9.3 hivi. Programu nyingi za kurenda huhesabu kwa namba za biti 32, ambazo zina tarakimu 7 hivi za kuaminika. Ukivuka 8,388,608, namba hizo haziwezi tena kushika sehemu yoyote ya kizio: baada ya mita moja inafuata mita nyingine, katikati hakuna kitu. Modeli iliyoko huko haitatoa mabaka, itasambaratika, na utagundua mara moja. Hatari zaidi ni ile iliyosogezwa nusu njia. Kwenye kilomita 10 kutoka kitovu, hatua ya namba hizo ni karibu milimita 1, ambayo inatosha kabisa kuufanya mwale uanzie ndani ya ukuta badala ya juu yake, nawe ukapata madoa meusi yasiyo na sababu hata pale ambapo hakuna nyuso zilizolaliana. Niliwahi kufuta na kuchora upya jiko zima kabla sijajua kwamba dawa ilikuwa kuchagua kila kitu na kukisogeza hadi kitovuni.

Tatu, kagua pande za nyuso. SketchUp huonyesha upande wa nyuma kwa rangi ya samawati iliyofifia ukiwasha mwonekano usio na rangi za nyenzo. Kuta zinazogeuza mgongo ndani ya chumba hazileti mabaka kila mara, lakini zikileta, utatafuta sababu mpaka uchoke.

KijanaWaBlender aliandika:

Ninawasoma kwa makini, ila nashangaa kwa nini bado tunahangaika na ramani za mwangaza. Mimi ninatumia Blender, programu ya kuchora na kurenda, na injini yake ya Cycles hufuata kila mwale kwa kila pikseli tangu ilipoingizwa mwaka 2011. Hakuna kukadiria kati ya nukta, kwa hiyo hakuna mabaka. Ndugu yetu abadili injini ya msingi kwenda kwenye hesabu kamili moja kwa moja, awashe kiondoa chenga, akalale.

FundiMwanga aliandika:

Marhaba BintiVipimo. Hilo la viwianishi vya mpima ardhi linastahili kuwekwa kwenye kurasa za wanaoanza.

Kijana wangu wa Blender, ushauri wako una nusu ya ukweli, na ni nusu nzuri. Kwa mwenye mashine yenye nguvu, hesabu kamili ni njia ya amani. Lakini usiseme hakuna mabaka. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, yaani miale inayotumwa kwa kila pikseli: ukitaka zibaki nusu, uongeze sampuli mara 4, ukitaka zibaki robo, mara 16. Ndani ya chumba chenye dirisha moja, sampuli zinazotosha ni nyingi mno kwa kompyuta ya kawaida, kwa hiyo watu hukatiza mapema na kumwachia kiondoa chenga amalizie. Naye, akipewa dari yenye chenga nyingi kupita kiasi, hawezi kutofautisha kivuli na chenga. Anazilainisha zote, na kinachobaki ni mawingumawingu ya kijivu, kama ukuta uliopakwa rangi kwa tambara. Hayo nayo ni mabaka. Umeyaona, sema tu hukuyaita jina hilo.

KijanaWaBlender aliandika:

Nimekubali, mzee wangu, nimeyaona. Ninafungua kazi yangu ya mwezi uliopita na dari yake ni hiyohiyo ya tambara. Nilidhani ni uzuri wa plasta.

Niongeze basi kile ninachokijua kwa uhakika upande wa Cycles, labda kitamfaa msomaji mwingine. Kwanza, kiondoa chenga kipewe pia picha ya rangi za nyenzo na picha ya mwelekeo wa nyuso, si picha ya mwisho peke yake. Hapo hujua mstari wa skatingi ni mstari kweli na si chenga. Pili, kioo cha dirisha. Ukiweka kioo halisi kinachopinda mwanga, mwale wa kivuli unaotoka ndani kwenda kutafuta jua hauwezi kukivuka kirahisi, chumba kinakuwa giza, na mwanga mchache unaopenya kwa njia ya kupindwa unaleta chenga kali. Mimi hukifanya kioo kiwe angavu kwa miale ya vivuli na kibaki kioo kwa miale ya kamera. Tatu, ukibadili namba ya mbegu ya bahati, ile inayoamua miale itawanyike vipi, na kurenda tena, mabaka ya hesabu yanahama, ya modeli hayahami. Ni jaribio lilelile la FundiMwanga kwa njia nyingine.

FundiMwanga aliandika:

La kioo lipo na kwenye V-Ray: nyenzo ya kioo ina kisanduku cha kuruhusu mwanga upite kwenye vivuli. MchoraSebule, hakikisha kimewashwa.

Na rangi ya dari umesema ni nyeupe tupu. Kama umeandika 255 kwa rangi zote tatu, umetengeneza uso unaorudisha mwanga wote bila kumeza hata kidogo. Rangi nyeupe ya dukani hurudisha asilimia 80 hivi. Nyeupe ya 255 inafanya mwanga udunde bila kuchoka, hesabu inarefuka, na makosa madogo yanadunda pamoja nao.

MchoraSebule aliandika:

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku mbili.

Nilianza na jaribio la kipande cha dari. Kwa hesabu kamili, mabaka yote ya sahani yalivunjika na kuwa chenga, kama ulivyosema, FundiMwanga. Nilikaa nikiitazama ile dari ya chenga kwa furaha ambayo mke wangu hakuielewa. Kwenye kaunta vipande vyeusi havikusogea hata pikseli moja.

Nikarudi kwenye ramani ya mwangaza, nikaweka kiwango cha chini -3 na cha juu -1, migawanyo 50, na akiba ya mwanga nikaipandisha kutoka 200 hadi 1,200. Ile 200 niliiweka mwenyewe miezi mingi iliyopita kwa ajili ya picha za haraka za kumwonyesha mteja mwingine, nikaihifadhi kama mpangilio wangu wa kawaida, nikasahau. Kumbe nimekuwa nikirenda kazi zote kwa mpangilio wa rasimu. Ubora wa picha nimeushusha ulipokuwa mwanzo. Muda ni saa 1 na dakika 10, na dari ni safi. Imebaki wimbi dogo sana upande wa mbali na dirisha, ambalo nililiona kwa sababu nilikuwa ninalitafuta.

Dada BintiVipimo, ulikuwa sahihi kuhusu kaunta, tena ilikuwa mbaya kuliko ulivyodhani: graniti zilikuwa tatu. Kila nilipobadili mawazo kuhusu rangi nilinakili, nikaficha, na siku moja nikafichua zote. Kuhusu kitovu, modeli ilikuwa umbali wa mita 340 tu, lakini nimeirudisha kitovuni hata hivyo.

Kioo kilikuwa sawa. Nyeupe nimeishusha hadi 210.

Kilichobaki ni ule utepe wa kona. Umepungua giza, ila upo, na katika jaribio la hesabu kamili ya injini ya msingi ulibaki mahali pake ukiwa na chenga juu yake. Nimekagua nyuso: hakuna zilizolaliana, zote zinatazama ndani. Dari ni uso mmoja mtupu, haina unene, juu yake kuna uwazi hadi kwenye bati.

BintiVipimo aliandika:

Umejijibu kwenye sentensi ya mwisho, kaka. Hebu nielezee ukuta ule wa nyuma ya kabati: unaishia kwenye dari, au unapanda hadi kwenye bati?

MchoraSebule aliandika:

Unaishia kwenye dari. Na upande mmoja nimeona sasa kwamba haufiki kabisa. Kuna pengo la milimita 4, upande uleule unakoanzia utepe.

FundiMwanga aliandika:

Basi giza linavuja kutoka darini. Mteja wako hakukosea sana.

Tumezoea kusema mwanga unavuja: mtu anachora ukuta usio na unene, nje kuna jua, ndani inatokea mistari myeupe kwenye skatingi. Kwako ni kinyume chake. Juu ya jipsamu kuna chumba kizima cha giza totoro, na kinachokitenganisha na sebule ni uso mwembamba kuliko karatasi. Akiba ya mwanga hugawa mandhari katika vijisehemu na kuweka wastani wa mwanga kwa kila kimoja. Ukubwa wa kijisehemu kwa kawaida hupimwa kama sehemu ya upana wa picha, ukiwa 0.02, hiyo ni asilimia 2, pikseli 38 hivi kwa picha yako. Kwenye kochi lililo mbele ya kamera, pikseli 38 ni sentimita chache. Kwenye ukuta wa mbali kabisa, ambako ndiko liliko kabati lako, pikseli hizohizo zinaweza kufunika upana wa kiganja au zaidi. Kijisehemu kimoja kinakaa nusu sebuleni, nusu kwenye uwazi wa juu, na wastani wake ni giza la nusu kwa nusu. Hilo ndilo linaloonekana kama utepe, na upana wake hauko sawa kwa sababu vijisehemu havijapangwa kwa mstari. Ulibaki hata kwenye jaribio kwa kuwa ulibadili injini ya msingi tu, ya pili ikaendelea kuwa ileile, na hapo ndipo jaribio langu lilipokuwa na upungufu ambao nilipaswa kuutaja.

Ziba pengo la milimita 4. Pandisha kuta zote zivuke dari. Kisha ipe dari unene. Usiipe milimita 12 kwa sababu jipsamu ya dukani ina milimita 12. Kwa kazi hii huo bado ni wembamba. Ipe milimita 150 kwenda juu, mahali ambapo kamera haifiki, kwa sababu unene usioonekana hauna gharama yoyote. Kisha washa ile njia ya kufuatilia upya miale iliyo karibu na kona, iliyo chini ya mipangilio ya akiba ya mwanga. Inaongeza dakika kadhaa, na imewekwa kwa ajili ya kona za namna hiyo.

PakaRangi aliandika:

Mimi nilidhani nitachekwa, lakini nauliza: kwa nini asiongeze ile programu ndogo ya vivuli vya kona? Mimi huiona inafanya kona ziwe za kweli zaidi.

BintiVipimo aliandika:

Hatukucheki, ndugu. Ile huongeza giza kwenye kona na mahali vitu vinapogusana, haiondoi. Ni nzuri pale ambapo ramani ya mwangaza imelainisha mno hadi miguu ya meza inaonekana kuelea juu ya sakafu. Kwenye kona ambayo tayari ina giza la uongo, utakuwa unapaka masizi juu ya masizi.

MchoraSebule aliandika:

Nimeziba, nimepandisha, nimenenepesha. Utepe umekwenda. Kona sasa ina kivuli chepesi kinachofifia kuelekea dirishani, na nyuma ya kabati la runinga kuna giza kidogo ambalo nadhani ni la haki, maana hata sebuleni kwangu nyuma ya kabati kuna giza.

Swali la mwisho: nina kamera ya pili inayotazama kutoka jikoni. Ninaweza kutumia ramani hii niliyokwisha kuihesabu ili niokoe muda?

FundiMwanga aliandika:

Usiitumie hivyohivyo. Ramani hiyo ina nukta nyingi pale ambapo kamera ya kwanza ilitazama, na sehemu ambayo kamera hiyo haikuiona haina nukta. Ukiipakia na kuilazimisha, kisogo cha kaunta kitajazwa kwa makadirio ya mbali, na utaturudia hapa na mabaka mapya. Chagua hali ya kuongezea juu ya ramani iliyopo, ili programu ihesabu zile nukta zinazokosekana tu, kisha hifadhi faili hiyo kwa jina jipya. Na kabla hujaanza, ufute ule mpangilio wako wa 200.